Kupima Ugumu wa Kutambua Hisia kwa Wagonjwa wa Kifafa, Parkinson na Kiharusi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Kliniki za Kigoma

Katika kliniki zetu za Kigoma, mgonjwa wa kifafa akiulizwa anajisikiaje hujibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," hata kama usiku uliotangulia hakulala kwa hofu. Jibu hilo ni la adabu, na mhudumu anayelihesabu kama dalili ya ugonjwa atakuwa amepima malezi ya mtu huyo, si ubongo wake. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vingi. Ugumu wa kutambua hisia upo kweli, na huwatesa wagonjwa na jamaa zao, lakini ni jambo la kukubaliwa mwisho, baada ya mpimaji kuhakikisha kwamba hakudanganywa na macho mabovu, lugha, usingizi wa dawa, sonona wala aibu. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata wazo hilo.

Hatua ya kwanza: amua unapima hisia za nani

Maneno "kutambua hisia" yanabeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni mtu kutambua na kutaja kinachotokea moyoni mwake mwenyewe. Ugumu wa aina hii huitwa aleksithimia, neno lililoundwa kutokana na Kigiriki na Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili wa Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1970, likiwa na maana ya kukosa maneno ya hisia. La pili ni mtu kusoma hisia za mwenzake usoni au katika sauti. Mgonjwa anaweza kuwa na ugumu wa aina moja bila kuwa na nyingine, na kipimo cha aina moja hakiwezi kujibia nyingine.

Ugonjwa wenyewe hukuonyesha mahali pa kutazama kwanza. Vifafa vingi vya watu wazima huanzia sehemu ya ubongo iliyo pembeni, usawa wa sikio, ambako ndani yake kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, chenye kazi kubwa katika kutambua hofu. Mwaka 1994 wanasayansi wa Marekani walieleza habari za mwanamke ambaye amigdala zake zote mbili zilikuwa zimeharibika, na ambaye alishindwa kutambua hofu katika nyuso za watu ingawa aliwatambua watu wenyewe bila shida. Kwa mgonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo, hugusa njia za ubongo zinazohusika na hisia pamoja na mwendo, na uso wake mwenyewe hukakamaa kiasi kwamba jamaa hudhani amenuna. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu asikie kila neno unalosema lakini asitambue kwamba umelisema kwa hasira.

Andika juu ya karatasi, kabla ya mgonjwa kuingia, ni lipi kati ya mambo hayo mawili unalipima siku hiyo. Kama kazi yako ni utafiti na si huduma ya kawaida, kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kitangulie, pamoja na barua za mkoa na wilaya. Kwa vyovyote vile taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo daftari lenye majina lisikae mezani wazi.

Hatua ya pili: tengeneza lugha ya kuulizia

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Neno "hisia" ni neno la darasani na la ofisini. Mama aliyetoka Buhigwe hana haja nalo, kwa kuwa Kiswahili chake kinasema nasikia uchungu, naona aibu, naona wivu, nimeshikwa na hofu, roho inaniuma, moyo umekuwa mzito. Ukimuuliza "Una hisia gani?" atakutazama tu, nawe utaandika kwamba ameshindwa. Ukimuuliza "Siku ile moyoni ulisikiaje?" huenda akazungumza kwa dakika kumi.

Kabla ya kumpima mgonjwa yeyote, kaa na watu wazima wa afya njema wapatao kumi, wake kwa waume, wa umri na elimu mbalimbali, wengine wa mjini, Mwanga, Gungu na Ujiji, na wengine wa vijijini. Wasimulie mambo ya kawaida: kufiwa, kudhulumiwa mali, kusalimika dhoruba ziwani, kupata mjukuu. Waulize mtu katika hali hiyo husemaje kuhusu moyo wake, na uandike maneno yao kama walivyoyatamka. Orodha utakayopata ndiyo kamusi yako ya kazi. Wazungumzaji wa Kiha wafanye hivyo kwa Kiha, pamoja na mkalimani asiye ndugu wa mgonjwa, kwa maana mke au mtoto akitafsiri, mgonjwa ataficha yale ambayo hataki yasikike nyumbani, na mtafsiri naye atalainisha mengine kwa huruma. Wagonjwa wanaotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huenda wakahitaji Kirundi au Kibembe, na jambo hilo liulizwe siku ya kutoa miadi, wala si siku ya kipimo.

Mpimaji aliyesomea vipimo vya kigeni anapaswa kujihadhari hapa. Katika mafunzo ya Ulaya na Marekani, mtu anayeeleza hisia kwa kutaja viungo vya mwili huhesabiwa kuwa hajaitambua hisia yenyewe. Kwetu, moyo na roho ndiyo makao ya hisia katika lugha, na mtu anayesema "moyo ni mzito" ametaja huzuni kwa usahihi kabisa. Lakini anayesema "tumbo linachemka" huenda anaeleza tumbo tu, au woga, au kifafa kinachoanza. Kikundi chako cha watu kumi kiamue mapema ni misemo ipi inahesabiwa kuwa jina la hisia na ipi ni habari ya mwili, ili uamuzi usifanywe mbele ya mgonjwa kwa kubahatisha.

Maswali ya kukanusha nayo yana mtego wake. Mswahili akiulizwa, "Huwezi kueleza unachosikia moyoni?" akajibu "Ndiyo," ana maana kwamba ni kweli, hawezi. Mpimaji aliyezoea fomu za Kiingereza huweza kuandika kinyume chake. Dawa yake ni kuacha kuuliza swali la ndiyo na hapana. Soma sentensi kama maneno ya mtu fulani, kisha muulize mgonjwa maneno hayo yanamfaa kiasi gani. Kwa kuwa wengi hawakuzoea kuchagua namba kutoka moja hadi tano, panga mezani glasi tano za aina moja: ya kwanza tupu, ya pili robo, ya tatu nusu, ya nne robo tatu, ya tano imejaa. Mgonjwa aguse glasi. Mjaribu kwanza kwa sentensi mbili ambazo jibu lake unalijua, kwa mfano "Mimi napenda ugali wa muhogo kwa migebuka," na usiendelee mpaka uone ameelewa.

Hatua ya tatu: ondoa mambo mengine yanayofanana na ugumu huo

Anza na macho. Tumia chati ya herufi E, ile ambayo mtu huonyesha kwa mkono vidole vya herufi vimeelekea wapi, kwa sababu haihitaji kusoma. Mwenye mtoto wa jicho hawezi kupimwa kwa picha za nyuso, na kipimo chake kitakuwa cha sauti peke yake. Jaribu masikio kwa kunong'ona maneno machache ukiwa nyuma yake.

Kisha dawa na wakati. Usimpime mtu aliyeanguka kifafa siku hiyo, kwa kuwa ubongo huchelewa kurudi katika hali yake. Saa 24 ndicho kiwango cha chini ninachokubali, na siku tatu ni bora zaidi. Andika jina la dawa, kipimo chake na saa aliyomeza. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, huleta usingizi na uzito wa kufikiri, na mgonjwa aliyepandishiwa dozi wiki iliyopita anaweza kuonekana hana hisia kumbe amelemewa na dawa. Mgonjwa wa Parkinson anayetumia levodopa, dawa ya kufidia dopamini, apimwe dawa ikiwa inafanya kazi, yaani kama saa moja baada ya kumeza, na kila atakaporudi apimwe wakati uleule. Asiyepata dawa kabisa apimwe vilevile, lakini liandikwe. Wagonjwa wa namna hiyo si wachache: uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba wengi wa waliokutwa na ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wanao.

Kumbukumbu na ufahamu vipimwe kwa kifaa kisichomwonea mtu ambaye hakusoma. Kipimo cha IDEA, ambacho kiliandaliwa kwa wazee wa Afrika na kufanyiwa kazi hukohuko Hai, kina alama 15 na hutumia hata njiti za kiberiti badala ya karatasi na kalamu. Mzee mwenye alama ndogo sana katika kipimo hicho hawezi kuaminika katika maswali marefu ya hisia, na hilo si kosa lake.

Mwisho wa hatua hii ni sonona. Mtu mwenye sonona husema kwamba hasikii chochote moyoni, na dodoso la aleksithimia litampa alama kubwa. PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, limekwisha kutumika kwa Kiswahili hapa Tanzania, na alama 10 au zaidi hutosha kumfanya apelekwe kuchunguzwa. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Mgonjwa akikubali swali hilo, kipimo cha hisia kinasimama papo hapo, hawaachwi peke yao yeye na jamaa yake, na daktari au mhudumu wa afya ya akili anaitwa siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: dodoso

Dodoso linalotumika zaidi duniani ni lile la Toronto, TAS-20, lililotolewa mwaka 1994 na Bagby, Parker na Taylor. Lina mmiliki, kwa hiyo ruhusa iombwe kabla ya kulichapa. Lina sentensi 20, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5, na jumla yake ni kati ya 20 na 100. Sentensi 7 zinahusu kutambua hisia, 5 zinahusu kuzieleza, na 8 zinahusu tabia ya kuelekeza mawazo kwenye mambo ya nje badala ya ya moyoni. Sentensi ya 4, 5, 10, 18 na 19 huhesabiwa kinyume, yaani unatoa alama ya mgonjwa kutoka 6: aliyegusa glasi ya tano anapata 1. Kwa desturi, alama 51 kushuka chini ni kukosa aleksithimia, 61 kupanda juu ni kuwa nayo, na katikati ni mashaka.

Mipaka hiyo ilipatikana kwa watu wa nchi nyingine na lugha nyingine. Usiibebe kuja nayo Kigoma kama mzani wa serikali. Tafsiri ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakae pamoja wapatane. Mtu wa tatu ambaye hajaona asili airudishe katika Kiingereza. Halafu wagonjwa wachache wasomewe na kuulizwa kila sentensi wameielewaje. Sehemu ile ya mawazo ya nje imeonekana kuwa dhaifu katika tafsiri nyingi, hivyo usishangae ikiwa kwako pia majibu yake hayashikamani.

Kwa wagonjwa wetu kuna tatizo zito zaidi. Sentensi ya 3 na ya 7 zinauliza kama mtu hupatwa na mambo mwilini yasiyoeleweka, hata na madaktari. Mwenye kifafa ambaye kabla ya kuanguka husikia kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, pamoja na hofu isiyo na sababu, atagusa glasi iliyojaa mara zote mbili, na atakuwa anasema kweli. Angekuwa hana kifafa, huenda angegusa glasi tupu. Tofauti hiyo ni alama 8, ambazo zinatosha kumtoa mtu kwenye 53 hadi 61 na kumpa jina la ugonjwa ambao hana. Mgonjwa wa Parkinson mwenye ganzi na maumivu ya viungo, na aliyepata kiharusi ambaye nusu ya mwili wake haiko kama zamani, wako katika hatari ileile. Kwa hiyo andika jumla mbili: moja ya sentensi zote 20, na nyingine bila hizo mbili. Zikitoa picha tofauti, iamini zaidi ya pili, na muulize mgonjwa kwa maneno ya kawaida alikuwa akifikiria nini alipozijibu.

Hatua ya tano: visa vifupi

Dodoso linamtaka mtu aseme kwamba hajui asichokijua. Mtu asiyetambua hisia zake huenda pia asitambue kwamba hazitambui, naye atagusa glasi tupu kwa moyo safi. Ndiyo sababu siridhiki na dodoso peke yake, na kama ningelazimika kuchagua kipimo kimoja kwa wagonjwa wa vijijini ningechagua visa.

Mfano wa kufuata ni kipimo cha Richard Lane na wenzake cha mwaka 1990, ambacho kina visa 20, na baada ya kila kisa mtu huulizwa yeye angejisikiaje na yule mwingine angejisikiaje. Tunga visa vyako sita au vinane vya hapahapa. Kwa mfano: "Wewe na rafiki yako mmevua pamoja kwa miaka mingi kwa mtumbwi wa kukodi. Leo amepata mtumbwi wake mwenyewe wenye injini, anakuja kukuonyesha. Wewe moyoni utasikiaje? Na yeye je?" Kwa akina mama: "Mama mkwe amefika jioni kutoka Kasulu bila kutoa taarifa, na ndani hamna chakula."

Jibu lisilo na hisia yoyote, kama "Mtumbwi wa injini ni bei ghali," lipewe 0. Habari ya mwili tu ni 1. Kitendo au neno la jumla, kama "nitampongeza" au "nitajisikia vizuri," ni 2. Hisia moja iliyotajwa ni 3. Hisia mbili zilizochanganyika, "nitafurahi kwa ajili yake, lakini wivu nao utaniuma," ni 4. Kisa chote kipewe 5 pale tu mgonjwa anapofikia 4 kwa nafsi yake na kwa mwenzake, na hisia za wawili hao zikawa tofauti. Majibu yaandikwe neno kwa neno, na watu wawili wayapatie alama kila mmoja peke yake. Usimsaidie mgonjwa kwa kumpa neno, unaloruhusiwa ni kusema, "Niongezee kidogo, mama," au "Na moyoni je, mzee?"

Usitoe alama kwa kutazama uso wa mgonjwa. Uso wa Parkinson hauonyeshi kilicho ndani, na wanaume wengi wamelelewa wasionyeshe. Sikiliza maneno.

Hatua ya sita: nyuso na sauti

Picha zinazojulikana zaidi ni za Ekman na Friesen za mwaka 1976, ambazo kipimo cha nyuso 60 kimetokana nazo, kumi kwa kila hisia: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Ni picha za Wamarekani weupe, zisizo na rangi, na watu kwa kawaida husoma vizuri zaidi nyuso za watu wa kwao. Piga zako. Watu sita wa umri tofauti, hisia sita, picha 36, zichapwe studio kwa ukubwa wa kutosha, bila kofia wala mandhari ya nyuma. Waonyeshe watu 20 wenye afya, na ubakize zile tu ambazo 16 au zaidi wamekubaliana.

Mgonjwa apewe majina sita na achague. Anayebahatisha hupata moja kati ya kila picha sita, yaani 6 kama zote 36 zimebaki, kwa hiyo hapo alama 9 si ushahidi wa kuona chochote. Kabla ya hapo mwonyeshe picha mbili za sura tulivu na umuulize kama ni mtu mmoja au wawili. Akishindwa, tatizo ni la kutambua nyuso zenyewe. Andika jibu alilotoa, si alama ya vema na kosa tu, maana hata wazima huchanganya hofu na mshangao, na kosa hilo lina uzito mdogo kuliko la mtu anayeiita hasira furaha.

Kwa sauti, mtu mmoja arekodi sentensi isiyo na uzito, "Mzigo umefika Kibirizi," kwa furaha, kwa huzuni, kwa hasira na kwa hofu. Simu inatosha, mradi chumba kiwe kimya.

Ili kujua alama gani ni ndogo, pima watu 40 wasio wagonjwa wenye umri na elimu inayofanana na wagonjwa wako. Mgonjwa aliye chini ya mtu wa tatu kutoka mwisho anastahili kufuatiliwa.

Hatua ya saba: jamaa, kisha kuandika na kurudi

Mwite jamaa anayeishi naye, kwa idhini ya mgonjwa, na umuulize mambo yaliyotokea: je, hutambua mtoto akiwa analia kwa maumivu au kwa deko? Je, huendelea kuzungumza wakati wenzake wamekwisha kasirika? Alikuwaje kabla ya ugonjwa? Swali hili la mwisho ni la lazima. Kumbuka pia kwamba wapo wanaoogopa kukaa karibu na mwenye kifafa wakidhani povu lake linaambukiza, na mtu aliyetengwa miaka mingi hukosa nafasi ya kusoma nyuso za wenzake.

Katika kadi usiandike "hana hisia." Andika alama za kila kipimo, jumla mbili za dodoso, dawa na saa, lugha iliyotumika, na kama mkalimani alikuwepo. Mweleze mgonjwa na jamaa zake kwa maneno yao. Mama ambaye mumewe hasomi tena hasira usoni pake anaweza kufundishwa kuisema wazi, "Baba Fulani, jambo hili limeniudhi," bila kungoja atambue mwenyewe, na mgonjwa anaweza kuzoea kuuliza, "Umekasirika, au nimekuelewa vibaya?" Nimeona nyumba zikitulia kwa hilo peke yake.

Baada ya miezi sita pima tena: picha zilezile kwa mpangilio mwingine, visa vipya vya uzito uleule, dawa imemezwa saa ileile, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule.